Fundi kanitumia picha ya "ufw active", kwa nje Redis iko wazi kwa dunia nzima!

Wakuu, nina hasira. Ofisini tulimwajiri fundi atulindie seva ya Ubuntu. Akakabidhi kwa picha ya skrini: ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu) iko active, poti zilizoruhusiwa ni 80, 443 na 2222 ya SSH (ya kuingilia seva kwa mbali). Basi, anataka hela yake.

Nikaipiga skani kwa nmap (programu ya kukagua poti zilizo wazi) kutoka nyumbani. Hii hapa: 6379/tcp open redis, yaani hifadhidata yetu ya Redis iko wazi. Nikaunganisha redis-cli, nikaandika PING, ikajibu PONG. Bila nenosiri! Humo ndimo zinamokaa seshini (kumbukumbu za walioingia) za wateja wetu.

Nampigia, ananijibu "mbona ufw iko active?" Jamani! Redis iko ndani ya Docker (inayoendesha programu kwenye kontena), na kwenye compose, faili la mipangilio yake, kaandika "6379:6379", yaani poti ifunguliwe hadi nje. Docker inajiwekea kanuni zake kwenye iptables, kichujio cha pakiti cha Linux ambacho ufw nayo inakitumia: pakiti inabadilishiwa anwani kwenye PREROUTING (hatua ya kuingia), inapita FORWARD (njia ya zinazopelekwa kwingine) hadi kwenye kontena. Kanuni za ufw za fundi ziko INPUT (njia ya zinazoishia kwenye seva yenyewe), pakiti haifiki huko kabisa. Maelezo ya Docker yenyewe yanasema hivyo waziwazi, na huyu anakula kwa kazi hii! Tena imeji (kifurushi cha Docker) rasmi ya Redis huja protected mode, kinga ya kukataa wa nje pasipo nenosiri, ikiwa imezimwa.

Kinachoniuma ni kwamba mstari ule haukuhitajika. Programu yetu na Redis ziko kwenye compose moja, zinaitana kwa jina la huduma. Kama alitaka kuifikia akiwa kwenye seva, angeandika 127.0.0.1:6379:6379. Kama alitaka kuchuja wa nje, kuna DOCKER-USER, sehemu ya iptables ya kuweka kanuni zako mwenyewe.

Anajitetea eti kahamisha SSH na kuweka fail2ban. Fail2ban inasoma logi, inawafungia wanaokosea kuingia. Hapa hakuna wa kukosea, nenosiri lenyewe halipo! Na kuhama poti si kujificha: tangu 2013 ZMap, programu ya skani ya Chuo Kikuu cha Michigan, inapitia IPv4 nzima, kwa poti moja, chini ya dakika 45.

Mafundi, kabla ya kudai malipo pigeni nmap -Pn -p- (poti zote, hata seva isipojibu ping) kutoka mashine ya nje, na kama kuna IPv6 rudieni kwa -6. Mteja aone matokeo hayo, siyo picha ya ufw.

Kwa kawaida Redis haiandiki kwenye logi nani kaunganika, kwa hiyo hatujui nani alitangulia. Seshini zote zifutwe, funguo zote zibadilishwe, na kazi hiyo aifanye yeye. Hela iliyobaki hailipwi mpaka skani ya nje itoke safi.