Nahamia Dodoma Januari, dogo ninayemsomesha nimwambieje?

Fundi wa Barabara ya 12
Wakuu, habari za humu. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Tangu Ramadhani nakaa na mtoto mmoja wa jirani kila Jumamosi baada ya alasiri, kibarazani kwa bibi yake anayeuza vitumbua. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Hakuna aliyenituma. Nilimwona kashika daftari la kaka yake anajifanya anasoma, nikamwita.

Tulianza na ba be bi bo bu. Hesabu tunafanya kwa vifungo vya mashati, na siku hizi anatumia futi yangu ya sentimita 150: anaweka kidole kwenye 38, anarudi nyuma mara 9, midomo inacheza. 29! Kusoma anamaliza aya nzima, ila ng'ombe bado ni "ngombe", na akikosea anaficha mkono chini ya mkeka.

Sasa mke wangu kahamishiwa Dodoma, tunaondoka Januari. Kuelekea Idi ya kuchinja nilizidiwa na oda, nikakosa Jumamosi mbili bila kutoa taarifa. Bibi akaniambia mtoto alikuwa anaoga, anavaa shati la shule, anakaa kibarazani na daftari mapajani mpaka adhana ya magharibi. Mwenyewe hakunilalamikia. Ila tangu hapo kila tukimaliza lazima aulize, "Anko, Jumamosi ijayo upo?" Linanichoma swali hilo. Nimwambie lini? Wapo wanaonishauri niondoke kimya, eti watoto husahau.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, usiondoke kimya. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Mtoto hasahau, anatafuta sababu, na mara nyingi anaona kosa ni lake. Anza na bibi, kesho. Kisha mwambie mtoto bibi akiwepo, wakati Jumamosi bado zipo. Weka vifungo kwenye kikopo kwa idadi ya Jumamosi zilizobaki, kila mkimaliza akitoe kimoja yeye mwenyewe. Usiahidi kupiga simu kila siku. Ahadi moja unayoiweza inatosha.

Mwalimu wake wa darasa nenda ukamwone pia. Tangu mtaala wa 2015 la kwanza na la pili ni KKK hasa, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akifika la tatu kusoma hajui, masomo yanaongezeka na darasa linasonga. Mwalimu akijua umemfikisha wapi, ana pa kuanzia.

Ng'ombe: kwanza aimbe "ng'a ng'e ng'i ng'o ng'u" kama wimbo, ndipo asome.

Mtoto wa Moro
Mimi nilikuwa dogo huyo. Kaka mmoja mwanachuo alinifundisha kusoma, siku moja nikakuta chumba chake kina kufuli. Nilidhani ni kwa sababu nilichana kitabu chake. Nina miaka 41, na ukurasa uliochanika bado naukumbuka. Mwambie, kaka.

Dada wa Ustawi
Niongeze hapo. Kama utamwachia mtu mwingine aendelee kumfundisha, kuwa na moyo tu hakumtoshi. Awe anajulikana na bibi na shule, mkae naye watatu Jumamosi kadhaa kabla hujaondoka, na wabaki hapo hapo kibarazani watu wakipita. Bibi awe na namba 116 kwenye simu, ya msaada kwa mtoto. Kupiga ni bure.

Fundi wa Barabara ya 12
Shikamoo mwalimu, na ahsanteni wote. Jana nimemwambia, bibi akiwepo. Zimebaki Jumamosi saba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akachagua vifungo mwenyewe, vyote vyeupe, akavihesabu mara mbili. Binti wa mwenye nyumba wangu anamaliza kidato cha nne mwezi huu, na bibi anamjua tangu anatambaa. Wiki ijayo anaanza kukaa nasi.

Wakati wa kuagana akaniuliza lile swali lake. Nikamwambia nipo. Akauliza kama futi nayo inaenda Dodoma. Nimemwachia.