Naomba ushauri: mtoto wa miaka minne vidole bado havina nguvu

Habari zenu wazazi wenzangu, na walimu wa chekechea mliomo humu. Naomba mnisaidie mawazo.

Mwanangu wa kiume ana miaka 4 na miezi 7. Anakimbia, anapanda miti, anaongea vizuri kabisa. Shida ni vidole. Penseli anaishika kwa ngumi nzima, na vifungo vya shati la shule vinamshinda mpaka analia. Mwalimu amesema Januari wataanza kuandika, nami naona mkono bado.

Sitaki kumkalisha na daftari kwa nguvu, kwa hiyo nimeanza na kazi za nyumbani. Kukanda unga wa chapati anapenda sana. Karanga anamenya, ila kwa meno. Jana nilimpa vibanio aanike soksi zake: cha kwanza alikibana kwa mikono yote miwili, cha pili kikamponyoka, akaacha. Kuchambua maharage nimesitisha kwa sababu ya mdogo wake wa mwaka 1. Kila punje inayodondoka anaipeleka mdomoni, naogopa atapaliwa.

Maswali yangu ni haya. Kama vibanio ni vigumu kwake, nianze na kazi gani nyepesi inayotumia kidole gumba na cha shahada, kwa vitu vilevile vya jikoni? Na je, kwa umri huu kushika penseli kwa ngumi ni jambo la kusubiri, au nimpeleke kliniki wamwangalie?

Asanteni sana.