Klima inaganda barafu na haileti baridi, naomba shauri yenu

Jambo bayaya na bandugu ba Lubumbashi, naomba munisaidie. Klima yetu (mashini ya kuleta baridi mu nyumba) ya pa Katuba iko ya ukutani, nguvu yake BTU 9000, gazi yake ya baridi ni R410A, tuko nayo miaka 4. Tangu joto ya mwezi wa kumi inapuliza upepo tu, ndani inaganda barafu kisha maji inatiririka pa ukuta. Nilisafisha filtri mimi mwenyewe, vumbi nyekundu ilijaa mule, ikasaidia siku 2 basi ikarudilia. Fundi akakuja akaongeza gazi bila kutafuta penye inavuja, nikamulipa dola 40, kisha wiki 3 ni vile vile. Sasa anataka kuweka gazi ingine, R22, sababu ndiyo iko nayo, mi nikakatala, hizo gazi mbili hazichanganyikane, nguvu na mafuta yake si sawa. Na kura (umeme) inakatika kila saa, ikirudi inakuja na nguvu, hatuna stabilizateri, kile chombo cha kutuliza nguvu ya umeme.

Mama yangu mzee ndiye analala mu kile chumba, presha inamusumbua, joto inamumaliza kabisa. Kutengeneza pa kuvuja inafaa, ao ninunue ingine? Mwenye kujua fundi mwenye kupima na azoti (hewa ya kutafutia penye inavuja) mbele ya kuweka gazi, aniambie tafazali.