Korido ya katikati au baraza ya wazi? Tunasaini ramani Ijumaa

JiraniMtarajiwa
Habari wakuu. Sisi ni familia 24, tumechanga pesa tujenge jengo letu la kuishi, na msanifu ametuletea ramani mbili. Ya kwanza ina korido katikati, fleti kulia na kushoto, kiyoyozi cha pamoja na ukumbi wa mazoezi juu. Ya pili ina baraza ya wazi upande mmoja, kila fleti ina madirisha mbele na nyuma pamoja na roshani, ila vyumba vimepungua ukubwa. Wakati wa Korona tulifungiwa ndani miezi, hatutaki kuishi vile tena. Mngechagua ipi?

MzeeWaMichoro
Mkuu, umetuacha gizani. Ghorofa ngapi? Upepo unatoka upande gani? Barabara kubwa iko wapi? Kuna wazee, watoto wachanga, wenye pumu? Na hicho kiyoyozi kinavuta hewa mpya kutoka nje au kinazungusha ileile? Jibu hilo la mwisho kwanza.

BintiRoshani
Ya pili, tena leo hii. Someni habari za Grand Parc kule Bordeaux, Ufaransa. Anne Lacaton, Jean-Philippe Vassal na wenzao walichukua fleti 530 za zamani wakaziongezea vyumba vya vioo na roshani kwa mbele, huku wakaazi wakiendelea kuishi humohumo. Mtu aliyekaa karantini bila pa kusimama nje anajua thamani ya roshani. Kumbi za mazoezi zilikuwa miongoni mwa vilivyofungwa mapema sehemu nyingi.

MamaWaSaba
Mimi niliishi ghorofa ya saba, jengo la korido ya katikati. Mama mkwe akaumwa Korona, tukamtenga chumba cha ndani ambacho dirisha lake pekee lilitazama korido, yaani hewa ya nyumba 14 kwa pamoja. Usiku wa pili nikasikia harufu ya sigara bafuni, na kwetu havuti mtu. Nikachana kipande cha karatasi ya chooni, nikakishika juu ya tundu la maji la sakafuni huku feni ya kunyonya hewa ikiwa imewashwa. Karatasi ikapepea kuja juu, usoni kwangu. Hewa ilikuwa inapanda kutoka kwenye bomba la maji taka! Nikaziba kwa mfuko wa nailoni na utepe wa gundi. Msimamizi nilipompigia simu akaniambia ninyunyize manukato. Mama mkwe alipona, namshukuru Mungu, lakini nyumba nzima tuliugua. Hadi leo nikiingia kwa mtu macho yanakwenda dirisha la bafu.

FundiBomba
Dada, pole sana. Uliyoyaona yaliwahi kuua. Amoy Gardens, Hong Kong, 2003: wakaazi zaidi ya 300 waliambukizwa SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii moja na Korona. Chini ya tundu la sakafuni kuna kipinda cha bomba kinachotakiwa kubaki na maji ili kizuie hewa chafu. Vya pale vilikuwa vimekauka, feni za bafuni zikavuta hewa ya bomba hadi ndani. Na majengo yale yalikuwa na madirisha. Kwa hiyo mleta mada, kabla ya korido na baraza, omba mchoro wa mabomba.

HewaSafi
Mnaipiga vita korido bure. Madirisha yanaleta vumbi, kelele na mbu, na watu huyafunga. Kiyoyozi kinacholeta hewa ya nje na chenye kichujio cha MERV 13 (daraja la kichujio kinachonasa hata chembe ndogo sana) kinafanya kazi hata mtu akilala.

BintiRoshani
Na kichujio kikijaa nani anabadilisha? Umeme ukikatika?

HewaSafi
Mnaajiri fundi. Lifti nayo si inahitaji umeme?

MzeeWaMichoro
Msibishane, pimeni. Kipimo cha hewa ya ukaa ni kidogo tu, unakiweka mezani. Nje husoma kama sehemu 420 kwa milioni. Chumbani kikivuka 1,000, mnapumua hewa mliyokwisha kuitoa.

JiraniMtarajiwa
Samahani kwa kuchelewa. Ghorofa 6. Wazee wanne, mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Nimemuuliza msanifu: kiyoyozi kinazungusha ileile, hewa ya nje ni nyongeza ya kulipia. Barabara iko upande wa baraza.

MamaWaSaba
Kiti cha magurudumu! Baraza ina kizingiti au ngazi? Na mlango una upana gani?

JiraniMtarajiwa
Kuna ngazi mbili kutoka kwenye lifti hadi barazani. Sikuwa nimeziona.

MzeeWaMichoro
Basi usisaini Ijumaa. Ngazi kwenye karatasi inafutwa kwa kalamu, ikishamwagwa zege ni nyundo.

MamaWaSaba
FundiBomba, nilipo sasa kuna bafu la wageni halitumiki. Nimimine maji kila baada ya muda gani?

FundiBomba
Jagi moja kila wiki. Ukisafiri, malizia na vijiko viwili vya mafuta ya kula, yanaelea juu na maji hayakauki upesi.