Kibali cha kuzalisha mbwa wa ulinzi, Chake Chake

Assalaam alaykum. Nataka kuleta majike mawili kutoka Unguja niwazalishe Pemba. Nianzie wapi?

— Mfugaji, Chake

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwanza muone sheha, umueleze idadi ya mbwa na banda litakapokaa. Kisha nenda ofisi ya mifugo ya wilaya, ukaulize pia kama baraza la mji lina ada yake. Banda liwe mbali na kisima na msikiti, na ukuta usiopitisha mbwa. Malalamiko ya majirani, khasa kuhusu najisi na kelele, ndiyo yanayokwamisha zaidi kuliko karatasi.

— Bwana mifugo

Naongeza la safari. Usipakie mbwa kabla hujapata kibali cha kusafirisha mifugo. Pemba imepambana sana na kichaa cha mbwa kwa chanjo, na mnyama mmoja aliyeambukizwa anaweza kuurudisha ugonjwa. Dalili huchukua wiki hadi miezi, kwa hiyo mbwa anayeonekana mzima si ushahidi. Mchanje angalau siku 28 kabla ya safari, cheti kiwe na tarehe na namba ya chanjo. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8. Iliyopata joto huenda isimkinge.

— Daktari wa mifugo, Wete

Mimba ni siku 63 hivi. Watoto wape dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, usiwatoe kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa, wakifika miezi 3. Mwambie kila mnunuzi.

— Bwana mifugo