Dada amepona, mimi kaunsela ananizidishia. Niache?

MtuWaLanet: Wadau, nisaidieni. Mimi na dada yangu tulipata ajali pale mteremko wa Salgaa. Tulikuwa tunapanda upande wetu, lori linashuka likakatika breki, likatugonga. Tunaona kaunsela mmoja hapa Nakuru. Dada amemaliza vikao, analala, anapanda matatu hadi Eldoret. Mimi kila nikitoka huko nakesha. Nikisikia lori likitoa upepo wa breki, jasho linanitoka hadi viganjani. Ni kaunsela hajui kazi?

MamaKaptembwo: Pole mwanangu. Vijana hamuombi siku hizi. Mimi 2008, vurugu za uchaguzi, nililala Showground na watoto, nani alinipa kaunsela? Na nimesimama. Fataki za Krismasi ndizo bado zinaniingiza chini ya meza.

Kijana_wa_Kondele: Acha tu. Binamu yangu aliacha, akanunua boda. Sasa hana kaunsela wala boda.

Muuguzi_Ksm: Kuzidiwa mwanzoni hutokea. Tiba hiyo hukurudisha kwenye tukio makusudi, mpaka woga uchoke. Kuna anayetosheka na vikao 8, mwingine 15 au zaidi. Usingizi, pombe, watu wa nyumbani, vyote huchangia. Unakunywa? Na nani alikuwa anaendesha?

MtuWaLanet: Kidogo tu, nipate usingizi. Kuendesha kunahusu nini?

Muuguzi_Ksm: Kunahusu sana.

MtuWaLanet: Mimi. Lakini nishamlipa ajenti nusu, naenda Qatar. Nikibadilisha mazingira itaisha.

Kijana_wa_Kondele: Kazi gani huko?

MtuWaLanet: Dereva wa trela. Kule barabara ni tambarare.

Mpelelezi: Ngojeni. Mlikuwa mnapanda, lori linashuka. Lilikufikiaje ukiwa upande wako? Hii imepikwa, subirini namba ya M-Pesa.

MtuWaLanet: Sijaomba hata shilingi! Nilikuwa nalipita gari lingine. Umeridhika?

Mpelelezi: Na dada hakusema?

MtuWaLanet: Alikuwa amelala. Hajui. Kaunsela pia nilimwambia nilikuwa upande wangu.

Muuguzi_Ksm: Basi hamuumwi kitu kimoja. Dada alikuwa na hofu. Wewe una hofu na hatia, na unasimulia nusu. Kuna tiba ya kuchambua yale unayojihukumu nayo, kwa kawaida vikao 12. Atachambua nini kama kwenye faili huna kosa?

MtuWaLanet: Kikao ni Alhamisi. Ajenti anataka salio Jumatano.

MamaKaptembwo: Mwambie dada kwanza.

Kijana_wa_Kondele: Huyo ajenti anachukua na wasio na leseni?