Ushauri: Barabara inapanuliwa, njia ya baiskeli inamezwa. Tupinge vipi bila kuitwa wapinga maendeleo?

Ng'wana_Igoma:
Wakuu habari za jioni.

Nipo Mwanza, upande wa Igoma. Barabara yetu ya kwenda mjini ina kipande chenye njia ya pembeni ya baiskeli. Ina mashimo na kuna sehemu imejaa meza za biashara, lakini ndiyo wanayopita wauza maziwa wa Kisesa, vijana wa samaki wanaotoka Mwaloni Kirumba na matenga nyuma, mafundi, na wanafunzi. Sasa tunasikia barabara itapanuliwa na kipande hicho kiwe cha magari. Kwenye kikao cha mtaa niliuliza baiskeli zitapita wapi. Nikajibiwa, "Kwani hamtaki maendeleo?" Watu wakacheka, ajenda ikafungwa.

Barabara siipingi, foleni ya Buzuruga hata mimi inanimaliza. Tuanzie wapi? Tumeanza kukusanya saini, ila wazee wanaogopa kuandika majina.

Konda_Mstaafu:
Mkuu, mimi siku hizi naendesha daladala, nitasema ukweli. Hizo njia zimeshageuka kijiwe cha bodaboda na genge la nyanya. Baiskeli yenyewe inarudi mbele ya bampa langu. Bora wavunje tupate lami pana.

Mama_Sangara:
@Konda_Mstaafu meza ya nyanya iko njiani, anayefukuzwa ni mwenye baiskeli? Mzigo wangu unaletwa alfajiri kwa baiskeli. Nikiweka bodaboda, faida yote inaishia kwenye nauli. Hao vijana wakichanganywa na malori ya Musoma nani atawalea watoto wao?

Fundi_Michoro:
Mleta uzi, jua kwanza barabara ni ya nani. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kama ni ya mitaa ya mjini, ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Watu wanazunguka ofisi za jiji mwezi mzima kumbe mlango ni mwingine.

Pili, acheni kubishana kuhusu "maendeleo". Ombeni mchoro wa mkato wa barabara, ule unaoonyesha upana wa kila kitu kuanzia mtaro hadi mtaro. Kwa barabara kuu, hifadhi ni meta 30 kila upande kutoka katikati, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Zamani ilikuwa 22.5. Hapo baiskeli haikosi meta 2, labda mtu ameamua ikose. Andikeni barua ya kuomba taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka mjibiwe ndani ya siku 30. Mradi mkubwa unapitia pia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na hapo wananchi hutakiwa kusikilizwa. Ulizeni kama imefanyika. Mkisubiri greda lifike, mmechelewa.

Na msichanganye hoja hii na ya fidia. Mwenye X nyekundu ukutani (anabomolewa bila fidia) na mwenye X ya kijani (analipwa) hawana kesi moja, na wote wawili watataka kuuteka mkutano wenu.

Mbeba_Maboksi:
Nipo Toronto, Kanada. Hili tumeliona huku. Novemba 2024 serikali ya jimbo la Ontario, chini ya Doug Ford, ilipitisha sheria ya kuondoa njia za baiskeli barabara za Bloor, Yonge na University, ati kupunguza foleni. Sheria hiyohiyo ikaiondolea barabara kuu mpya ya 413, zaidi ya kilometa 50, masharti ya kawaida ya tathmini ya mazingira. Watu waliandamana kwa baiskeli, lakini kilichouma zaidi ni kesi. Chama cha Cycle Toronto na wenzao walienda mahakamani, na Julai 2025 jaji akaamua kuwa kuziondoa kunakiuka haki ya uhai na usalama wa mtu. Utamu ni huu: ushauri wa kitaalamu wa serikali yenyewe ulikuwa unasema foleni haitapungua. Serikali ikasema itakata rufaa.

Kwa hiyo tafuteni karatasi zao. Saini elfu moja ni nzuri, ila mstari mmoja kutoka kwenye ripoti yao unawabana zaidi.

Konda_Mstaafu:
Huko ni Kanada mkuu. Hapa ukiwashtaki unakuwa mgombea wa upinzani.

Fundi_Michoro:
Mahakama iwe mwisho. Kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, na wakili hali ugali kwa maneno. Anzeni na diwani na barua. Wazee wasioandika majina, waende wenyewe kikaoni waseme kwa mdomo, halafu mtendaji aandike kwenye muhtasari. Hakikisheni ameandika.

Ng'wana_Igoma:
Wabeja sana wakuu. Saini naziweka pembeni kwanza, naanza na barua ya mchoro. Mama_Sangara, unaweza kuja kikaoni na hao vijana wako, na baiskeli zao na mizigo?

Mama_Sangara:
Nitakuja. Ila kikao kiwe mchana, asubuhi niko sokoni.

Konda_Mstaafu:
Mkiupata huo mchoro uwekeni hapa. Nataka kuona vituo vya daladala wameviweka wapi.